Siku za Sifuri

Machi 4

Mzee wangu, mume wangu, amenipa daftari hili pamoja na masharti yake. Niandike hadi nitakapokuwa nimestaafu, miezi mitatu kasoro, na nisiandike kwa lugha ya ripoti. "Andika kama unavyonigombeza," amesema. Yeye alikuwa msahihishaji wa gazeti kwa miaka thelathini na miwili, kwa hiyo naogopa hata kuweka koma. Nimemwapisha asilisome.

Mvua bado. Joto la kuudhi.

Machi 6

Mawingu ya kutania tu. Bwana Labda amenichosha leo. Ndiye mtafiti atakayekalia kiti changu hapa maabara, ana miaka thelathini na minne na akili nyingi, lakini hawezi kufungua kinywa bila labda. Labda joto la kabati la kukuzia seli limepanda, labda turudie, labda tusubiri. Leo nimemuuliza kama ameoa. Akasema, "Bado, Profesa. Labda mwakani." Nimecheka mpaka machozi, naye hakuelewa kwa nini.

Machi 9

Mvua ya kwanza! Imeshuka saa kumi na moja jioni, nzito, mawingu meusi tii. Nimeacha kila kitu mezani, nikachukua kipima-jua changu na kukimbilia kwa kina Kofia, maana niliahidi.

Niandike vizuri, hata kama itafanana na ripoti kidogo. Kofia ni msichana wa miaka sita. Namwita hivyo kwa sababu ya kofia yake pana yenye kioo cha kufunika uso, aliyotengenezewa na baba yake ambaye ni fundi wa vioo. Jua linatuharibia DNA ya ngozi sisi sote, kila siku. Herufi zake zinagandana, halafu ndani ya mwili mna mafundi wanaokata pale palipoharibika na kutia kiraka, na sisi hatuna habari. Kofia alizaliwa bila fundi mmoja wa hao. Kila jua linalomgusa linambakia. Akiwa na miaka miwili uso ulijaa madoa, akiwa na minne alikatwa uvimbe puani. Nimeuchunguza ugonjwa huu tangu nina nywele nyeusi, nimeandika juu yake hadi vidole vikauma, na kinga yake mpaka leo ni pazia.

Basi mtoto anaishi ndani, madirisha yote yamebandikwa karatasi nyeusi. Zamani mama yake alidhani siku ya mawingu ni salama. Si kweli, mawingu membamba yanadanganya. Ndiyo maana naenda na kipima-jua. Kikisoma tatu, hatutoki. Kikisoma moja, hatutoki. Kikisoma sifuri, Kofia anatoka.

Nimekiweka kizingitini, naye nyuma ya pazia anauliza, "Bibi Namba, ngapi?" Ndilo jina alilonipa.

"Sifuri."

Akapiga kelele nyumba nzima. Tumetembea hadi duka la kona na kurudi chini ya mwavuli mmoja, dakika kumi na mbili. Ameokota kokoto tatu na kumsalimia kila mtu, hata waliokuwa wanakimbia mvua. Mama yake alisimama mlangoni na tumbo lake la miezi minane, anatuangalia, mkono mgongoni.

Machi 12

Mvua. Sifuri saa kumi na mbili asubuhi. Kokoto mbili.

Machi 15

Mama Kofia amekuja ofisini kwangu. Alikaa akizungusha kifuniko cha kalamu yangu, halafu akasema, "Mama, nataka kujua kuhusu huyu anayekuja. Lakini sitaki adungwe."

Nikamwambia sindano ya kisigino ni ndogo, ya mara moja.

"Najua ni ndogo. Zote ni ndogo. Kofia ameshadungwa sindano za watu wawili. Siku huyu akizaliwa chukueni kile kinachotupwa, kondo la nyuma na kitovu, mkipime mnavyotaka. Mwanangu mumwache alivyo."

Yeye na mumewe kila mmoja ana nakala moja mbovu ya jeni inayomtengeneza fundi yule aliyekosekana kwa Kofia, kila mmoja na kosa lake, mahali tofauti. Wao ni wazima. Mtoto akipata nakala mbovu zote mbili anakuwa kama Kofia, na uwezekano wake ni mmoja kwa nne. Anayajua haya yote, nilimwelezea mwenyewe miaka minne iliyopita na akalia kwenye kiti kilekile.

Nimemuahidi. Nimeweka na mkono kifuani.

Machi 20

Unyevu kila mahali. Viatu vimeota kuvu, mkoba umeota kuvu. Mzee wangu anasema bado yeye tu.

Machi 28

Msichana! Saa mbili asubuhi, kilo tatu na robo, sauti ya kuamsha mtaa.

Nilikuwepo. Bwana Labda alitaka kwenda yeye ("Labda nikakate mimi, Profesa, ni kazi ya macho"), nikamwambia nilianza kukata vipande hivyo yeye akiwa hajaota meno. Mkunga akaniletea kondo la nyuma kwenye beseni, nikakata kipande cha kitovu na kipande cha kondo lenyewe, kila kimoja kwenye chupa yake. Macho hayakuwa kwenye beseni. Si uzee. Nilikuwa nasikia mtoto analia upande wa pili wa pazia, na nilitamani nimwone kabla sijawa mtu wa maabara.

Nikamwona. Ana paji la uso la baba yake, wima kama mlango. Mpaka apate jina tunamwita Mgeni.

Aprili 5

Kuvu limeingia kwenye kabati la joto. Seli za kitovu zimekufa zote, chupa imekuwa kama supu iliyochacha. Nimekaa kwenye kiti nikanywea.

Za kondo bado safi. Tunaendelea na hizo.

Aprili 8

Sifuri. Kofia ameniuliza Mgeni analala saa ngapi, anakula nini, na kama akikua wataweza kucheza wote ndani. Nikamwambia bado tunapima. Akasema, "Mimi nimeshamwekea kitu." Hakuniambia ni nini.

Aprili 11

Seli za kondo zinakua vizuri mno, hazina shida. Nimeziimbia. Bwana Labda amejitia hasikii.

Aprili 18

Leo tumezipiga seli mwanga wa urujuanimno, ule wa jua unaoharibu. Sahani tatu. Ya kwanza seli za Kofia. Ya tatu za Mgeni. Ya katikati, ya kulinganishia, ya mtu asiye na ugonjwa, ni seli zangu mwenyewe, nilizotoa kwenye mkono nikiwa na miaka thelathini na kuzilaza kwenye friji ya baridi kali. Mzee wangu akisikia kwamba mimi wa miaka thelathini bado yupo kule taasisini, anauliza kama wageni wanaruhusiwa.

Aprili 22

Nimeangalia kwa darubini asubuhi. Seli zinazotia kiraka huonyesha vidoa vinavyong'aa. Za Kofia, giza. Zangu, nuru tele. Za Mgeni, nuru tele!

Mchana DNA yake ikasomeka: nakala moja yenye kosa la mama yake, nyingine nzuri kabisa. Mzima. Amebeba kosa moja kama mama yake, basi. Nilimkumbatia mfagiaji.

Bwana Labda alisimama na karatasi mkononi. "Labda tulinganishe kwanza na alama za mama, Profesa. Kondo lina upande wa mama pia."

"Labda, labda! Kijana, mimi ndiye niliyekata. Mama huyo amengoja miezi tisa, unataka angoje na labda zako?"

Alikuwa ameshaandika ulinganisho huo kwenye kitabu cha kazi za siku. Nikaupiga mstari kwa kalamu nyekundu.

Aprili 23

Nimewaambia. Mama Kofia alilia akacheka, akamwinua mtoto juu kama anampima uzito. Baba yake alisema tu, "Asante, Mama," akachukua ngazi akatoka. Mtu baridi huyu, niliwaza. Miaka minne namfahamu, na sijawahi kumsikia akisema maneno kumi mfululizo.

Kumbe alienda dirisha la chumba kidogo. Tulisikia karatasi nyeusi ikibanduliwa, krrr, mpaka mwisho.

Aprili 27

Nimepita kuwaona. Mvua imepumzika, jua la asubuhi linaingia chumba kidogo moja kwa moja. Mgeni amelazwa dirishani bila kofia wala soksi, mashavu yanang'aa. Kofia amekaa sakafuni nje ya mlango wa chumba hicho, kwenye mstari wa chokaa aliochorewa asiuvuke. Anamwimbia mdogo wake kutoka hapo.

"Bibi Namba," akasema, "hivi kwa nini yeye jua halimtaki?"

Nikamwambia linakutaka sana wewe, ndiyo shida. Amefikiri, akarudi kuimba.

Aprili 30

Mvua mchana kutwa. Naandaa hotuba ya kuaga. Mzee wangu anataka niisome kwa sauti. Hapana.

Mei 2

Leo naandika polepole, nisiruke kitu.

Asubuhi nilitaka picha nzuri ya kuonyesha kwenye hotuba, familia moja kwenye ukurasa mmoja: baba, mama, Kofia, Mgeni. Nikapanga karatasi zao nne mezani kama mtu anayepanga karata. Mbali na makosa yenyewe, kwenye DNA kuna mahali pengine ambapo watu hutofautiana herufi moja bila madhara yoyote. Huwa sipaangalii. Leo nilikuwa natafuta rangi za kuipamba picha yangu.

Mahali pa saba, baba ana herufi ileile kwenye nakala zake zote mbili. Hana nyingine ya kutoa. Mtoto yeyote wa kwake lazima awe nayo walau moja. Kofia anayo.

Mgeni hana.

Nitaandika ukweli kwa sababu daftari hili ni langu. Wazo la kwanza lililonijia lilikuwa baya juu ya mama yule. Lilidumu kama kupepesa jicho, kisha nikaona lile paji la uso, wima kama mlango, nikajionea aibu. Nikaweka karatasi ya mama juu ya ile ya Mgeni, nikaziinua dhidi ya taa. Herufi kwa herufi zilikuwa moja.

Nilipima seli za mama. Nilikata kondo upande uliomshika mama, siku ile macho yakiwa kwa mtoto, na zikakua seli zake badala ya za mtoto. Ile nuru yote niliyoiona kwenye darubini ilikuwa ya mama. Na Mgeni amelala dirishani siku ya kumi leo.

Bwana Labda aliingia na chai. Akatazama meza, akatazama uso wangu. Nilimngoja aseme alichostahili kusema. Alifunga mlango, akavuta kiti, akasema, "Labda tuanze na kile cha haraka. Dirisha."

Nikampigia simu baba. Nikamwambia amwondoe mtoto kwenye mwanga na kwamba nakuja kesho asubuhi kueleza. Hakuuliza kitu. Alisema, "Sawa," na nikasikia ngazi ikiburutwa kabla simu haijakatika.

Nyumbani nimemweleza mzee wangu kila kitu. Akasema kwamba kule gazetini hakuna aliyeruhusiwa kusahihisha habari aliyoiandika mwenyewe. Jicho linasoma kile lilichotaka kuandika. "Ndiyo maana tulikuwa wawili wawili, mke wangu," akasema, akanivutia blanketi miguuni. Nimelia kama mtoto.

Mei 3

Tumeenda wawili, mimi na Bwana Labda. Nilimkataza, akaja. Saa tatu asubuhi, jua kali. Chumba kidogo kilikuwa cheusi tena, karatasi imebandikwa bila povu hata moja, kazi ya fundi kwelikweli.

Nilikaa ukingoni mwa kiti. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima, yote yakanitoka.

"Mwanangu, nilikosea," nikasema. "Nilikwambia mtoto ni mzima. Seli nilizopima zilikuwa zako, si zake. Kuhusu yeye sijui chochote. Labda ni mzima na labda siyo."

Mama Kofia alimkumbatia Mgeni kifuani, akamfunika kichwa kwa kiganja kama vile mimi ndiye jua. "Siku kumi," akasema. "Nimemlaza pale siku kumi. Nilikuwa namgeuza ili apate pande zote."

"Najua."

"Hujui! Ulikuja ukamwona, ukasema mashavu yanang'aa!"

Nilisema hivyo kweli. Bwana Labda alitaka kuniokoa, akaanza kusema kuhusu kabati la joto na kuvu, nikamshika mkono anyamaze. Kuvu halikupiga mstari mwekundu. Nikamwambia mama yule na hilo: kwamba kijana huyu aliniambia tulinganishe, nami nikamzomea, kwa sababu nilikuwa na haraka ya kuja kumpa habari nzuri. Nilitaka iwe kweli kuliko nilivyotaka kujua.

Akamvuta mtoto karibu zaidi. "Sasa unataka kumdunga," akasema.

"Ndiyo. Nilikuahidi na sasa naomba uniruhusu niivunje ahadi. Ukikataa, tutangoja ngozi yake ituambie yenyewe, na hilo sikushauri."

Hapo ndipo pazia la chumba cha ndani liliposogea, Kofia akachungulia. Alikuwa amesikia yote. Macho yamemtoka, na sauti yake ilikuwa na furaha anayojaribu kuificha.

"Kwa hiyo labda yuko kama mimi?"

Mama yake alifunika uso kwa kanga aliyombebea mtoto. Ni yule baba, mtu baridi wangu, aliyepiga magoti akamvuta Kofia, akamkalisha gotini, akasema maneno mengi kuliko niliyowahi kumsikia akiyasema: "Akiwa kama wewe, nitamtengenezea kofia kama yako. Asipokuwa kama wewe, bado ni mdogo wako, na wewe bado ni wangu wa kwanza. Umenisikia? Hakuna anayepungua hapa."

Kisha akanigeukia. "Mdungeni kesho, Mama. Na uje wewe mwenyewe."

Nilidhani hatataka kuniona tena. Njiani nikamwomba Bwana Labda radhi. Akasema, "Labda ni ile kalamu nyekundu, Profesa. Ni mbaya." Ndiye aliyenichekesha siku ya leo.

Mei 4

Nimemdunga kisigino. Kofia alikaa kando kama mganga mkuu, akamshika mdogo wake kidole. "Usiangalie," akamwelekeza. "Angalia ukutani. Hesabu mpaka tano. Kwenye tatu ndiyo inauma, halafu imeisha." Mgeni hakuangalia ukutani na alilia hadi kumi na tano. Mama yake hakulia. Aliniletea maji ya kunawa, bila neno, na nilishukuru kwa maji yale kuliko ningeshukuru neno.

Bwana Labda amechukua damu. Mimi sitaigusa. Ataisoma yeye, mtaalamu wa maabara nyingine ataisoma bila kujua ni ya nani, nami nitaonyeshwa mwishoni.

Mei 5

Mvua. Sifuri, lakini Kofia amekataa kutoka. Anamlinda Mgeni, anasema.

Mei 6

Hakuna jipya. Nimepanga kabati. Nimeipata chupa ya seli zangu na kuisoma lebo: mwandiko wa msichana aliyejiamini sana.

Mei 7

Mvua. Mzee wangu amepika. Nimekula shingo upande.

Mei 8

Mvua.

Mei 9

Saa nne na dakika kumi. Bwana Labda aliingia bila kubisha, karatasi tatu mkononi, akaziweka mezani pangu moja moja: ya baba, ya mama, ya mtoto. Akaniachia nisome mwenyewe, na kidole changu kikaanza mahali pa saba. Herufi ya baba ipo. Nikashuka. Kosa la baba lipo. Nikashuka tena, polepole, kama mtu anayeshuka ngazi gizani, mpaka kwenye kosa la mama.

Halipo.

Nikamtazama. "Mzima," akasema.

Miaka minne nafanya kazi na kijana huyu, na hii ni mara ya kwanza kunipa sentensi isiyo na labda. Nikainuka nikamkumbatia, akasimama wima kama ubao, halafu akalegea, akaniachia machozi begani.

Mama Kofia hakurukaruka safari hii. Aliuliza, "Una uhakika gani?" Nikatandaza karatasi tatu mbele yake, nikamwonyesha mahali pa saba ni wapi na makosa mawili yako wapi, nikamwachia asome. Alipita kwa kidole mara mbili, mara ya tatu akamwita mumewe waende pamoja. Walipofika mwisho aliweka kiganja juu ya ile karatasi ya mtoto kama mtu anayezuia isipeperuke, na hapo ndipo alipolia.

"Nimekusamehe," akaniambia baadaye mlangoni, "ila siyo leo yote. Nyingine wiki ijayo." Nimesema nitaifuata.

Fundi alikuwa ameshapanda ngazi.

Kofia hakuwepo sebuleni. Nilimkuta chumbani kwake amekaa kitandani, gizani, na mapajani ana kofia ndogo, ile yake ya kwanza ya utotoni. Amekisugua kioo chake mpaka kinang'aa na kubandika kokoto pembeni, zile za siku za mvua. Ndicho kitu alichokuwa amemwekea.

"Hatoihitaji," akasema.

Nilikaa kando yake. Nikamwambia mimi pia nina huzuni kidogo ndani ya furaha yangu, na kwamba vinakaa pamoja bila kupigana. Akalaza kichwa kwenye mkono wangu, palepale nilipochukuliwa ngozi nikiwa na miaka thelathini.

"Nani atanisindikiza sasa?" akauliza. "Wewe unastaafu."

"Nastaafu kazi. Sijastaafu namba."

Mei 11

Jua. Kipima-jua kimesoma saba. Hakuna kutoka.

Mei 16

Wamenipa ua, saa ya ukutani na hotuba ndefu za watu wengine. Yangu nilitupa ile niliyoandaa. Nilieleza habari ya kipande nilichokata upande usiofaa na mstari wa kalamu nyekundu. Nikawaambia miaka yote hii nimechunguza jinsi mwili unavyojisahihisha, na kwamba mwili una akili kuliko mimi, hauoni haya kukata palipoharibika. Halafu nikampa Bwana Labda funguo za friji na nikawaomba wote waliopo wasimkatize anapoanza sentensi.

Mzee wangu alipiga makofi ya mwisho, peke yake, kwa muda mrefu. Njiani akasema hotuba ilikuwa na kosa moja tu la sarufi, na hataniambia liko wapi.

Mei 21

Mvua ndogo, moja na nusu. Hapana. Kofia amenuna, nami nimenuna.

Mei 29

Mvua zimekwisha. Anga safi, buluu, bila hata tonge la wingu. Nimeenda asubuhi, mstaafu mwenye mkoba wa kuvu, nikapeleka kipima-jua kumpa Kofia kiwe chake. Fundi amekata kidirisha kidogo kwenye mlango wa sebule, amekitia kioo cheusi alichokileta kwangu mara mbili nikipime. Kofia anaona nje, na jua halimwoni.

Alishika nafasi yake hapo kidirishani, akaamuru. Baba yake akatoka uani na Mgeni mkononi, hana kofia, hana soksi. Kipima-jua alikibeba baba mkono wa pili.

"Ngapi?" Kofia akapaza sauti.

"Nane!" baba akajibu.

Kofia akazuia pumzi. Nane hajawahi kuiona maishani mwake, kwake nane ni kama moto. Alibana uso kwenye kioo.

"Analia?"

"Halii!"

"Anafanya nini?"

Baba akamtazama mtoto. "Amefumba macho. Sasa anafumbua. Anacheka, nadhani."

Mama Kofia alikuwa nyuma yetu, mkono mmoja begani kwangu na mwingine kichwani kwa binti yake. Nilihisi vidole vyake vinanibana bega, na nikajua ule msamaha wa wiki ijayo umefika.

Kofia alitazama muda mrefu. Nilidhani atalia, nikajiandaa. Kumbe alikuwa anapanga.

"Baba!" akaita. "Mwambie asimalize kuangalia kila kitu. Mvua ikirudi na mimi nakuja."